Bagamoyo hadi Livingstone kwa Noah: hesabuni saa, si kilomita

SWALI

Ndugu mshauri, salaam.

Mimi na mume wangu tumepata likizo ya siku 14, na imeangukia shule zikiwa zimefungwa katikati ya mwaka. Tunataka kwenda Livingstone, Zambia, kuona maporomoko ya Victoria, kwa gari letu wenyewe. Ni Toyota Noah ya 2004, otomatiki, cc 2000. Tutakuwa sita: sisi wawili, pacha wetu wa miaka tisa, mama mkwe mwenye miaka 67, na shemeji yangu ambaye naye ana leseni.

Mume wangu anasema tutoke Bagamoyo saa nne usiku, yeye na mdogo wake wapokezane usukani, kesho yake usiku tuwe Lusaka na keshokutwa Livingstone. Shemeji anataka tubebe madumu mawili ya petroli kwa kuwa amesikia Zambia vituo ni vya kutafuta. Mimi hofu zangu ni tatu. Gari hupandisha joto likiwa nyuma ya malori mlimani. Mpakani Tunduma nasikia vishoka, wale mawakala wa uongo, hawamwachi mtu. Na bibi wa watoto hawezi kukaa kwenye kiti kutwa nzima. Tena, tukishafika tuvuke na gari mpaka Zimbabwe au tuliache?

Gari ni jina la mume wangu, ila kadi iko benki kwa sababu ya mkopo.

Mama Pacha, Bagamoyo

JIBU

Mama Pacha, salaam, na pole kwa kuwekwa kati ya ndugu wawili wenye haraka. Safari yenu inawezekana kabisa, na kwa gari hilo hilo. Kisichowezekana ni ratiba ya mumeo.

Kutoka kwenu hadi Livingstone ni takribani kilomita 2,400. Hadi Lusaka ni kama 1,940. Anayetoka saa nne usiku akitaka kuwa Lusaka saa nne usiku ya pili anahitaji wastani wa kilomita 80 kwa saa kwa saa 24, bila kusimama hata kukojoa, na mpaka nao uwe hauna mtu. Sasa pigeni hesabu ya barabara yetu. Chukueni kilomita 100 za kawaida: nusu yake iko vijijini kwa 50, nusu ni wazi kwa 80. Nusu ya kwanza inakula saa nzima, ya pili dakika 37. Wastani ni kilomita 61 kwa saa, na hapo hamjakutana na matuta, mizani, lori bovu wala mtoto anayetapika. Pangeni kwa 55 upande wa Tanzania, na kwa 50 kaskazini mwa Zambia ambako kuna vipande vyenye mashimo.

Usiku ni mbaya zaidi. Kwenye barabara hiyo malori yanaharibika na kulala njiani yakiwa yamewekewa matawi tu, na mengine hata tawi hayana. Kuna watembea kwa miguu, mbuzi na baiskeli zisizo na taa. Mikumi, ambako barabara kuu inakatiza hifadhi kwa kilomita kama 50, wanyama huvuka usiku kuliko mchana, na ukimgonga mmoja unalipishwa kwa aina yake. Twiga si wa kulipa kwa chenji. Na wapokezane vipi usukani? Anayelala kwenye kiti kilichoegemezwa, gari likirukaruka, haamki dereva. Anaamka abiria aliyechoka.

Mna siku 14. Tano za kwenda, nne za kukaa, tano za kurudi. Siku ya kwanza tokeni saa kumi na moja alfajiri mpite Msata badala ya kuzungukia Dar: kilomita 64 hadi Msata, kisha mteremke Chalinze, Morogoro, na mlale Iringa. Ni karibu kilomita 500, na saa tisa zitakwisha. Siku ya pili mpite Mafinga, Makambako na Mbeya, mlale Vwawa au Tunduma. Siku ya tatu muwe mpakani kunapokucha, jioni mlale Mpika. Ya nne Kapiri Mposhi au Kabwe. Ya tano mpite Lusaka mapema, kabla foleni haijashika, na kabla jua halijazama muwe Livingstone. Katikati ya mwaka nyanda za juu ni baridi kweli. Sao Hill na Makambako asubuhi huwa na ukungu mzito, na hapo taa ni za chini (dim), si kubwa (full), kwa sababu taa kubwa hugonga ukungu na kumrudia dereva machoni. Masweta yawe juu ya mizigo, si chini.

Sasa gari. Umesema linapandisha joto likiwa nyuma ya lori mlimani, na hiyo ni habari nzuri kwa fundi, maana inapunguza watuhumiwa. Gari linalochemka likiwa kwenye mwendo mkali aghalabu lina rejeta iliyoziba ndani au maji pungufu. Linalopanda joto mwendo wa kobe tu, kisha linashuka likipata upepo, linakosa hewa: feni haiwaki au inawaka kwa kuchelewa, au mapezi ya rejeta yamejaa wadudu na vumbi. Mwambieni fundi awashe gari likiwa limesimama, AC ikiwa imezimwa, asubiri feni iwake yenyewe. Isipowaka mpaka mshale ukapita katikati, tatizo mmelipata kabla ya kutoka nyumbani. Mapezi yaoshwe kwa maji ya msukumo mdogo kutokea upande wa injini kwenda mbele. Msukumo mkubwa huyalaza, na yakilala hayapitishi hewa tena.

Kisha kifuniko cha rejeta. Watu hubadilisha rejeta nzima wakaacha kifuniko cha zamani chenye mpira uliopasuka. Kazi yake si kuzuia maji yasimwagike tu. Hushikilia mgandamizo, na maji yaliyogandamizwa huchemka kwenye joto la juu kuliko nyuzi 100. Mpira ukivuja, mgandamizo hakuna, na yanachemka mapema. Nunueni kipya chenye namba ile ile iliyoandikwa juu ya cha zamani, 0.9 kwa 0.9 au 1.1 kwa 1.1. Chenye namba kubwa zaidi hakisaidii. Kinakwenda kupasua paipu. Ndani muweke kulanti nusu kwa maji nusu, si maji ya bomba matupu.

Mkipanda mlima wa Kitonga, kabla ya Iringa, na mshale ukaanza kwenda juu, zima AC, fungua hita hadi mwisho na feni yake kwa nguvu zote. Mtatokwa jasho, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili. Mkipata pa kusimama salama, egesheni, na kama mshale haujagusa nyekundu acheni injini iungurume taratibu, boneti wazi, ili maji yaendelee kuzunguka. Ukigusa nyekundu, zima. Mtu asiguse kifuniko kwa dakika 30 hadi 45. Maji yale yana mgandamizo, na kifuniko kikifunguliwa yanaruka usoni.

Tairi ni la pili kwa umuhimu. Tazameni ubavuni, mwisho wa maandishi ya DOT, kuna tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na meno mazuri na umri wa miaka tisa, na mpira mzee ukipata joto la kilomita 400 na watu sita hupasuka bila kuaga. Lililozidi miaka sita msilipeleke Zambia. Upepo jazeni kwa namba ya mzigo kamili iliyo kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, asubuhi tairi likiwa baridi. Watu wengi hupunguza upepo safari ndefu "ili tairi lisipasuke". Ni kinyume. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja zaidi kila linapozunguka, na kule kujikunja ndiko kunakolichemsha.

Tairi la akiba nalo lipimwe. Jeki ijaribiwe nyumbani, si Mpika, na spana ya magurudumu ihakikishwe kwamba inaingia kwenye nati zenu. Bebeni pia kifaa cha kujazia upepo cha kuchomeka kwenye gari, kamba za kuzibia tairi la tubeless, fuse za 10, 15 na 20, balbu mbili za taa za mbele, lita moja ya oili, lita nne za maji, kamba ya kuvutia, waya za kuchajia betri, kizima moto ambacho tarehe haijapita, na pembe tatu mbili. Ndiyo, mbili: moja mbele, moja nyuma. Bandikeni pia vibandiko vya kuakisi mwanga, vyeupe mbele na vyekundu nyuma, maana polisi wa Zambia huviangalia.

Madumu ya petroli yaacheni. Noah iliyojaa itakwenda kilomita tisa hadi kumi kwa lita, na tanki lina kama lita 60. Kutoka Nakonde, upande wa Zambia wa mpaka, hadi Mpika, kipande kirefu kuliko vyote, ni zaidi kidogo ya kilomita 350, na katikati kuna Isoka na Chinsali. Jazeni kila mnapofika nusu. Petroli ndani ya gari lililofungwa madirisha, na watoto wakiwa nyuma, hutoa mvuke unaoumiza kichwa kwanza na unaosubiri cheche baadaye. Kwa safari nzima, pamoja na mizunguko ya huko, wekeni bajeti ya lita 550.

Karatasi. Hapa ndipo safari yenu inaweza kufia kabla ya kuanza, kwa sababu ya ile kadi iliyo benki. Anzeni wiki tatu kabla. Ombeni benki barua ya ruhusa inayotaja namba ya gari, namba ya chesisi, nchi mnayokwenda na tarehe za kutoka na kurudi, pamoja na kadi halisi au nakala iliyothibitishwa. Barua iwe na lugha ya Kiingereza, maana itasomwa na mtu wa forodha Zambia. Kwa bima, nendeni kwa kampuni yenu mnunue kadi ya njano ya COMESA, ile jumuiya ya soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini kadi hiyo inatolewa hapa. Hulipa madhara mnayomsababishia mtu mwingine, si gari lenu. Hata kama mna bima kubwa, ulizeni kwa maandishi kama inavuka mpaka. Aghalabu haivuki bila kuongeza malipo.

Watoto wawe na pasipoti zao na vyeti vya kuzaliwa. Vyeti vya homa ya manjano bebeni vyote. Chanjo huanza kuhesabika siku ya kumi baada ya sindano, na tangu 2016 cheti kimoja ni cha maisha, kwa hiyo cha zamani kikiwepo kinatosha. Mama mkwe ana miaka 67. Kama hajawahi kuchanjwa, amwone daktari kwanza, kwa kuwa kwa waliozidi 60 chanjo hiyo hupimwa faida na hatari yake. Asipelekwe dirishani tu kuchomwa.

Tunduma sasa. Malori mtayakuta yamejipanga kilomita kadhaa. Ile foleni si yenu, pitieni pembeni taratibu hadi getini, magari madogo yana njia yake. Kituo ni cha pamoja: mkitoka Tanzania, maofisa wa nchi zote mbili mtawakuta upande wa Nakonde, na mkirudi mtawakuta wote upande wa Tunduma. Anayewasimamisha kabla ya hapo akitaka pasipoti "akawagongee haraka" ni kishoka, hata akiwa na kizibao na kitambulisho shingoni. Vioo juu, milango imefungwa, tabasamu, songa. Mkiingia jengoni, fuateni madirisha kwa mpangilio: uhamiaji wa Tanzania, uhamiaji wa Zambia, afya, forodha. Hakikisheni forodha ya kwetu imeandika kwamba gari limetoka, ili siku ya kurudi msiulizwe limeingia lini nchini.

Forodha ya Zambia itawapa kibali cha kuingiza gari kwa muda. Kabla ya kuondoka dirishani, mumeo akishike kibali mkono mmoja na kadi ya gari mkono wa pili, asome namba ya chesisi kwa sauti, tarakimu moja moja, nawe ufuatilie kwa kidole. Kosa la kawaida ni herufi O kuandikwa sifuri, au tarakimu mbili kubadilishana nafasi. Ni dakika mbili kulirekebisha pale pale, na ni nusu siku siku ya kurudi. Angalieni na tarehe ya mwisho. Kisha kuna malipo: ushuru wa barabara kwa magari ya nje, ushuru wa hewa ukaa unaokwenda na ukubwa wa injini (cc iliyo kwenye kadi ndiyo itakayosomwa), na ushuru wa halmashauri. Tengeni dola 150 za noti safi, mpya na ndogondogo, zitakazobaki mtazitumia. Kila malipo yana risiti, na kila risiti ikae kwenye bahasha moja ndani ya kabati la mbele, maana zitaulizwa tena njiani. Malipo yasiyo na risiti hayapo.

Kwacha badilisheni kidogo tu hapo, za kutosha mafuta, vibanda vya ushuru wa barabara na chakula hadi Mpika. Wabadilishaji wa mitaani wana mchezo mmoja: anakuhesabia vizuri, anakupa, kisha anadai amekosea, anaichukua akuongezee noti moja, na bunda linarudi limekonda. Noti ikishaingia mkononi mwako, isirudi kwake kwa sababu yoyote ile. Nunueni na laini ya simu kwa pasipoti. Pesa za simu zenu za nyumbani msizitegemee.

Mkivuka, rudisheni saa nyuma kwa saa moja. Hili linaonekana dogo, lakini ndilo linalowakamata Watanzania wengi. Nakonde iko mbali kaskazini-mashariki mwa Zambia, na mwezi wa saba jua linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni kwa saa za huko. Mumeo atatazama saa aone kumi na moja na nusu, aseme bado mapema, na nusu saa baadaye anatafuta mashimo kwa taa. Kule lengo liwe kuegesha saa kumi na moja.

Barabara ya Great North, hiyo mtakayoifuata kutoka Nakonde, ina vipande vizuri kama mkeka na vipande ambavyo lami imebaki kingo. Hali hubadilika kila baada ya mvua, kwa hiyo waulizeni madereva wa malori asubuhi mnapojaza mafuta, na ulizeni kipande cha Mpika–Serenje kwa jina. Shimo la lami lina makali. Gurudumu likiingia kwa kasi ya 80, mpira unabanwa kati ya rimu na ukingo, nyuzi za ndani zinakatika, na jioni mnaona uvimbe ubavuni mwa tairi kama jipu. Huo uvimbe hauzibwi wala haupozwi. Tairi hilo linatolewa hapo hapo. Kama shimo halikwepeki, punguzeni mwendo kabla yake, kisha achieni breki gurudumu linapoingia. Breki ikiwa imekanyagwa pua ya gari huinama, na springi za mbele zinakuwa hazina nafasi ya kunyonya kishindo. Maji yaliyotuama barabarani yachukulieni kuwa ni shimo mpaka muone mwenzenu amepita.

Kutoka Kapiri kwenda Lusaka kuna mradi wa njia mbili kati ya Lusaka na Ndola, kilomita 327, hivyo tegemeeni michepuko na vumbi. Kusini ya Lusaka, mkishavuka mto Kafue, barabara inagawanyika pale Turnpike: ya moja kwa moja inawapeleka Chirundu na Zimbabwe, yenu ni ya kulia, Mazabuka, Choma, Livingstone. Ni rahisi kuipita mkipiga soga.

Bibi apewe kiti cha safu ya kati, upande wa mlango, si nyuma kabisa ambako gari hurusha zaidi. Kila baada ya saa mbili ashuke atembee dakika kumi, hata kama hana haja ya choo. Damu ikituama miguuni kwa saa nyingi huweza kuganda, na umri wake unaongeza hatari. Dawa zake zikae kwenye makopo yake halisi pamoja na cheti cha daktari. Pacha wawili nao wana shida yao Kitonga: wasitazame simu kwenye kona, watazame nje mbele.

Na raha? Ziko nyingi, na nyingine hazilipiwi. Mkishapita Mikumi, bonde la mibuyu kando ya mto Ruaha ni la kupita mchana, jua likiwa upande. Zambia, kaskazini mwa Mpika, kuna njia ya kwenda Shiwa Ng'andu, jumba la kizungu lililojengwa porini na Stewart Gore-Browne, na mbele yake chemchemi za maji moto za Kapishya. Kama mwendo wa siku ya tatu ni mzuri, laleni huko badala ya Mpika mjini. Bibi akiingiza miguu kwenye yale maji baada ya siku tatu za kiti, mtamsikia kimya.

Kwa watu wa Bagamoyo kuna jambo jingine. Mkikaribia Serenje mtaona njia ya Kasanka inayokwenda hadi Chitambo, mahali alipofia mmisionari David Livingstone Mei 1873. Moyo wake ulizikwa pale, na mwili wake watumishi wake, Chuma na Susi, na wenzao wakaubeba kwa miguu hadi kwenu, wakaingia Bagamoyo Februari 1874. Njia mnayoipita kwa siku nne ndani ya Noah wao waliipita kwa miezi tisa na maiti begani. Kuchepuka huko kunakula sehemu kubwa ya siku, na mwisho wake ni vumbi, kwa hiyo ningewaambia mwende wakati wa kurudi tu, na kama mmebaki na siku ya akiba. Pacha wataona mengine kwenye makumbusho ya Livingstone mjini, yapo tangu 1934 na yana barua za mzee huyo.

Chakula hakitawasumbua. Nshima ni ugali, kapenta ni dagaa, na mboga za ifisashi ni majani kwenye karanga. Jaribuni chikanda, kinachokatwa kama soseji nene ya kahawia. Hutengenezwa kwa viazi vya okidi, na vingi vya viazi hivyo vilichimbwa nyanda zetu za juu kusini na kuvushwa hapo hapo Tunduma. Biashara hiyo ni miongoni mwa sababu za uwanda wa Kitulo kuwekewa ulinzi na kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Mkisimama kwa wenyeji wa njia ile, "mwapoleni mukwai" kabla ya kuuliza bei inafungua milango. Wabemba wanapenda salamu kama sisi.

Maporomoko yenyewe yana upana wa mita 1,708 na kina cha mita 108. Mmechagua wakati mzuri: maji hufika kileleni karibu Aprili, na hapo ukungu unafunika kila kitu, ilhali Oktoba na Novemba upande wa Zambia hubaki mwamba mtupu kwa sehemu kubwa. Katikati ya mwaka mnayaona, na mnalowa. Daraja la Knife Edge ni kama kusimama chini ya bomba. Simu ziingie kwenye mfuko wa plastiki, na ufunguo wa gari pia kama ni wa rimoti. Ufunguo uliolowa ndani ni gari lisilofunguka mita chache kutoka mlipo. Kwenye maegesho msiache hata ganda la ndizi likionekana ndani. Nyani wa pale wanajua kufungua mlango, na wanapora mfuko mkononi mwa mtoto bila aibu. Tazameni kalenda: usiku wa mwezi mpevu hifadhi hufunguliwa, na ukungu hutoa upinde wa mvua mweupe kwa mwanga wa mwezi. Kama tarehe zenu zinaweza kusogea siku mbili kuufuata, zisogezeni.

Zimbabwe muende kwa miguu. Gari likivuka linahitaji kibali kingine, ada nyingine na maelezo mengine kwa benki yenu, yote kwa ajili ya kilomita mbili. Daraja la chuma la 1905 linatembeleka. Kama mnaishia darajani, waambieni uhamiaji wa Zambia mnataka kulitazama tu, wapeni pasipoti, chukueni karatasi ya ruhusa, rudini. Livingstone usiku msizurure na gari nje ya mji. Tembo wa hifadhi huvuka barabara, na tembo wa kijivu kwenye lami ya kijivu haonekani mpaka umefika miguuni pake.

Wakati wa kurudi mtarudisha kile kibali cha gari na kuhakikisha kimefungwa kwenye mfumo. Halafu Iringa mtajiona mmefika, na hapo ndipo Kitonga inapowangojea kwa upande wake wa pili. Mliipanda, sasa mnaishuka mkiwa mmejaa. Wekeni gia kwenye 2 au L kabla mteremko haujaanza, injini ivute gari nyuma. Ikinguruma kwa sauti ni sawa, ndiyo kazi yake. Breki kanyageni kwa nguvu kidogo, achieni, kanyageni tena. Mguu uliotulia juu ya pedali muda wote hupika maji ya breki, na maji ya breki ya zaidi ya miaka miwili yamekwisha kunyonya unyevu, yanachemka mapema, na pedali inazama hadi chini bila kitu. Yabadilisheni kabla ya safari, ni kazi ya saa moja gereji. Mkisikia harufu kama ya kitambaa kinachoungua, egesheni palipo pana na msubiri dakika 20. Breki msizimwagie maji, diski ya moto ikipigwa na maji ya baridi hupinda au hupasuka. Chini kule Ruaha Mbuyuni simameni mnunue vitunguu, na mwambie shemeji asiguse rimu mpaka mmemaliza kupatana bei.